Nilivyokwenda Kumwona Mtu wa Mawimbi

Wenzangu wa kikundi, na nyinyi wa jumuiya mlionipikia siku niliyorudi, tangu nifike Ekalakala sijapata amani. Nikienda sokoni naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa. Kwa kuwa kila mmoja nilimpa kipande chake, sasa vipande vimeanza kuzaana vyenyewe. Juzi, pale tunaposaga unga, nilisikia kwamba nililala korokoroni ng'ambo. Sikulala. Polisi hata hawakuja. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na ninajua kosa likiachwa ubaoni watoto hulinakili, kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Someni, mpeane, kisha mniache nipalilie ndengu zangu.

Habari za pasi na viza na tiketi sizigusi. Mwikali ndiye aliyezishughulikia, na hazina utamu wowote. Jambo moja tu lazima mlijue kabla hatujaondoka. Mwikali ni binti yangu wa pekee, mfamasia huko Cape Town, na miezi michache iliyopita alipiga simu akasema kuna mtu anataka kumwoa. Mtu mwenyewe ni wa huko huko, jina lake Ashwin, na kazi yake ni kufundisha watu kuteleza juu ya mawimbi ya bahari wakiwa wamesimama kwenye ubao. Nilimwomba arudie, akarudia, ikawa ni hivyo hivyo.

Baba yake Mwikali hayupo tena. Ndugu za marehemu walikaa, wakasema hawawezi kupokea mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia ndoa, kutoka kwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Mama yake na aende, wakasema, na neno atakalorudi nalo ndilo litakuwa neno la ukoo. Nilipompa Mwikali habari hiyo akasema, "Mwaitu, ukisema hapana, nitamwacha. Lakini usiniulize tena mambo ya kuolewa, hata nikizeeka." Mwaitu ndivyo tunavyowaita mama zetu, na yeye hulitamka neno hilo polepole akiwa hana mzaha.

Kwa hiyo sikwenda kutembea. Nilikwenda nikiwa na ndiyo moja na hapana moja, sijui nitaitoa ipi, na zote mbili niliziogopa.

Ekalakala hadi Syokimau, pamoja na maembe

Kioko, jirani yangu mwenye pikapu, alikuwa anapeleka maembe Nairobi, akasema atanibeba hadi kwa mpwa wangu Syokimau. Tungetoka alfajiri. Alfajiri ilifika ikatukuta bado tunapokea mizigo, maana mkono mtupu haulambwi, na kijiji kizima kiliamua Mwikali ana njaa. Mama Ndunge alileta muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa kwa mchi, mfuko mzima. Mwingine alileta ndengu. Mwingine alileta boga ambalo mimi mwenyewe nisingeweza kulikumbatia. Tulipofika Matuu wifi yangu alikuwa amesimama kando ya barabara na mtungi wa asali, ameukumbatia kama mtoto mgonjwa, na hakukubali tuondoke mpaka nimeonja.

Gurudumu lilipasuka kabla ya Thika. Kioko akashuka, akaliangalia, akaliinua gari kwa jeki, na hapo magari mawili yakasimama kuuliza bei ya maembe. Mnamjua Kioko. Aliiacha jeki akaanza kuuza. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele na gauni langu la Pasaka, na nadhani watu waliona maembe yanayolindwa na mama aliyevaa hivyo lazima ni mazuri, kwa sababu walizidi kusimama. Bwana mmoja alilalamika kwamba ni madogo. Nikamuuliza kama anataka kuyala au kuyalalia. Akanunua debe.

Gurudumu lilibadilishwa maembe yalipobaki karibu nusu. Kioko aliniambia kwa dhati kabisa kwamba niwe nasafiri mara kwa mara.

Mpwa wangu Mutuku anakaa kwenye yale mageti ya Syokimau ambako kila nyumba inafanana na jirani yake, na wenyewe hawajuani. Alifungua sanduku langu sebuleni, akaliangalia boga, akaniangalia mimi.

"Anti, hii mzigo wataikataa," akasema. "Hata ndege haitatoka chini."

Yeye na mkewe wakaanza kutoa, mimi nikaanza kurudisha. Mwishowe boga na ndengu vikabaki kwake, muthokoi na asali vikaenda, na kiondo nilichokuwa bado nakisuka nikakitia kwenye mkoba wa mkononi ili nipate cha kufanya njiani. Mkewe Mutuku alinifundisha kufunga mkanda wa ndege kwa kutumia mshipi wa mumewe na kiti cha meza ya chakula. Nilifaulu mara ya pili.

Angani

Sina mengi ya kusema kuhusu angani, maana nilifumba macho sehemu kubwa ya njia. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa vitenge, aliyejiita Mama Beatrisi. Kiswahili chake na changu ni ndugu waliolelewa na mashangazi tofauti, lakini tulielewana, na kwa kuwa aliniona nimeshika kiti kwa mikono miwili, alianza kunihoji ili nisahau. Nikamweleza yote. Alifikiri sana juu ya Ashwin. Akasema yeye mkwe wake wa kwanza alikuwa wakili, mwenye tai na gari, na alikimbia na sufuria za nyumba. Kwa hiyo, alivyoona yeye, mtu wa majini, asiye na viatu, angalau hafiki mbali.

Chakula kilipoletwa niliombea, nanyi mnajua sala zangu si fupi. Nilipofumbua macho yule binti wa ndege alikuwa ameshaondoa sinia. Mama Beatrisi aliniokolea mkate mmoja, nikautia mkobani.

Johannesburg, na asali ya Matuu

Pale Johannesburg ilinibidi kubadilisha ndege, na kabla ya kubadilisha, kijana wa forodha akanifungulia sanduku. Akautoa mfuko wa muthokoi, akauliza ni nini. Nikamweleza: mahindi, unayatwanga yakatoka ganda, unayapika na maharage mpaka yalainike. Akainua uso. Akasema nyanya yake hupika kitu hicho hicho kila Jumapili, ila wao wana jina lao, na akataka kujua sisi tunatia mafuta mwanzoni au mwishoni. Tulijadiliana vizuri mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Muthokoi ukapita.

Kisha akauona mtungi. Uso wake ukabadilika, akasema pole Mama, asali ya nje haiingii, inaweza kuleta ugonjwa wa nyuki, itabidi iende kwenye lile pipa.

Jamani, asali ya wifi yangu. Nilimwambia kwamba kwetu asali haitupwi, hata iliyomwagika hufutwa kwa kidole. Akasema sheria ni sheria, haiwezi kuingia nchini. Nikamuuliza je, ikiingia ikiwa tumboni? Alifikiri. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na kwamba yeye kazi yake ni mizigo, matumbo hayamhusu.

Basi nikakaa kwenye benchi la pembeni, nikautoa ule mkate wa ndege, na Mama Beatrisi, ambaye alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akakaa kando yangu na biskuti zake. Tukaanza kazi. Asali, wenzangu, mwanzoni haina uzito, lakini ukifika katikati ya mtungi inaanza kukushinda. Tukamkaribisha bwana mmoja aliyekuwa anasubiri sanduku, akaja na mkewe. Mama mmoja mwenye watoto mapacha akaja na vijiko vya plastiki. Kijana wa forodha hakula, yuko kazini, lakini alikuwa akitupa jicho. Tulipomaliza nilimkabidhi mtungi mtupu, akautia ndani ya pipa kwa heshima zote.

Ndege ya Cape Town ilikuwa imeshaondoka.

Sitasema nilijuta. Walinipa nafasi kwenye ndege ya baadaye sana, Mama Beatrisi akaniaga akaenda kununua vitenge vyake, nami nikakaa kwenye kiti cha chuma nikisuka kiondo, tumbo likiunguruma kwa utamu. Nilipata muda wa kufikiria ile ndiyo na ile hapana. Mtu wa kabila lingine, sawa, dunia imechanganyika. Mbali, sawa, kuna simu. Lakini mtu mzima, mchana kutwa majini? Nikijaribu kumpeleka kwa mawazo mbele ya baba zake wadogo Mwikali, namwona akiulizwa ana shamba la ukubwa gani, naye anaonyesha bahari.

Mtaa ambapo kila siku ni Jumamosi

Mwikali alinipokea usiku, akanilaza, na asubuhi nikafungua pazia. Mtaa wenyewe unaitwa Muizenberg. Ni mtaa wa makazi tu, nje kidogo ya jiji, una shule, duka la mkate, treni ya wafanyakazi inayopita karibu kabisa na maji, na mlima umesimama nyuma yake. Ila mbele, badala ya kuwa na kiwanja cha mpira, wana bahari.

Nilitembea na Mwikali barabarani nikamuuliza leo ni sikukuu gani. Akasema ni Alhamisi. Watu walikuwa pekupeku. Nazungumzia wazee wenye mvi, mama mwenye mkoba wa ofisi, baba anayesukuma mtoto kwenye kigari. Wengine walivaa nguo nyeusi ya mpira inayobana kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, na wamebeba mbao ndefu kuliko wao, na wanavuka barabara polepole huku magari yanawasubiri bila hata kupiga honi. Kila mtu alinisalimia. Kila mtu alikuwa na kikombe cha kahawa na hakuwa na haraka nacho. Nikamuuliza Mwikali hawa wanakula nini. Akasema wana kazi, Mwaitu, wanapitia hapa kwanza.

Kitu kimoja nilikipenda. Kule mlimani kuna mtu kazi yake ni kukaa na darubini akiangalia papa. Akimwona papa anapandisha bendera, king'ora kinalia, watu wanatoka majini. Hiyo nikaielewa mara moja, maana wakati wa mtama sisi hukaa hivyo hivyo tukiamia ndege.

Lakini kilichonishangaza zaidi kuliko vyote ni mchanga. Wasomaji wa Syokimau hamtaelewa, kwa hiyo nawaeleza. Mito yetu hukauka. Kinachobaki ni mchanga, na mchanga ndio tangi letu: maji ya mvua yamejificha ndani yake, unachimba, unachota. Ukichukuliwa mchanga, maji nayo yamekwenda. Kikundi chetu cha kina mama kimejenga vizuizi vya mawe mtoni ili mchanga ujae, na malori ya wezi wa mchanga yakija, tunayakalia barabara. Nimekuwa mwenyekiti wa kazi hiyo tangu nistaafu. Sasa nifikirieni mimi, nimesimama mbele ya mchanga mweupe usioisha upeo wa macho, na hakuna hata askari mmoja anayeulinda. Nilimwambia Mwikali hii ni hatari. Akasema, "Mwaitu, umekuja kumwona mtu ama mchanga?"

Mgongo wangu

Asubuhi iliyofuata nilivaa vizuri, leso mpya begani, nikapelekwa ufukweni kumwona mtu. Nilikuwa nimejipanga. Nitamtazama machoni, nitamuuliza wazazi wake, kanisa lake, na viatu. Tulisimama karibu na vile vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo, vimepakwa rangi kali, kimoja chekundu, kimoja bluu, kimoja njano. Mwikali alikuwa ameshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi.

Akatoka majini mtu mrefu, ubao kwapani. Ile nguo ya mpira alikuwa ameishusha hadi kiunoni. Kifua wazi, maji yanamtiririka, meno yote nje kwa furaha, anakuja moja kwa moja na mkono ameunyoosha mbele.

Nyinyi mnaijua nthoni, lakini kwa wasio Wakamba: ni ile heshima iliyo kama aibu kati ya mkwe na mama mkwe. Hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja. Mama mkwe hamwoni mkwe wake akiwa hajavaa, na akimkuta njiani ghafla, yeye huchepuka hata kama ni kwenye miiba. Vijana siku hizi wanaitazama kama mchezo wa kale. Mimi nyanya yangu alinilea nayo. Na nthoni huanza mbuzi wakishaingia bomani, si kabla, jambo ambalo kila mtu analijua na mimi pia.

Kilichotokea sikukipanga. Leso iliruka ikanifunika kichwa, miguu ikanigeuza, nikajikuta nakitazama kibanda cha njano.

"Hujambo, mwanangu," nikakiambia kibanda, kwa Kiingereza.

 Sauti nyuma yangu ikasema karibu Cape Town, Anti. Nikajibu asante. Nikauliza wazazi wake hawajambo, akasema hawajambo. Maswali yangu mengine yote yalikuwa yameyeyuka, na rangi ya njano ilianza kuniumiza macho. Nikamsikia akimwambia Mwikali jambo kwa sauti ya chini, kisha nyayo zikaenda zake taratibu juu ya mchanga.

Mimi niliona mambo yamekwenda vizuri. Hakuna aliyekosewa heshima. Jioni Mwikali alileta samaki na chipsi kutoka dukani, vimelowa siki, vitamu, nami nikala. Yeye hakula. Akakaa akiitazama sahani, akasema, "Sawa, Mwaitu. Nimeona."

Nilidhani ameona nilivyojiheshimu. Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyolelewa, na kwamba yeye pia angefanya hivyo hivyo kama ningemfundisha vizuri. Akainuka akaenda kuosha sahani ambayo hakuwa ameitumia.

Siku mbili nyumba ilikuwa baridi. Mwikali alikwenda kazini kwenye duka la dawa, akarudi, akajibu maswali yangu kwa neno moja moja. Nilipika muthokoi na maharage mpaka majirani wakaja kunusa, nikamuuliza mbona Ashwin haji kula. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Nami nikaanza kumhesabia Ashwin makosa: mtu anataka binti wa watu, mama yake binti amevuka mbingu, na yeye hatokei hata kubisha hodi. Ile hapana ikaanza kunenepa moyoni mwangu. Niliilisha kwa huzuni, lakini niliilisha.

Lori

Kisha upepo ukavuma. Ni upepo wao wa kusini-mashariki, ukija unakuja na hasira zake, na usiku kucha ulipiga madirisha. Asubuhi ukatulia. Mwikali alikuwa ameshaenda kazini. Nikashuka ufukweni peke yangu, mkoba wangu mkononi.

Pale kwenye maegesho ya magari kulikuwa na tingatinga linachota mchanga. Linachota, linainua, linamimina ndani ya lori. Lori limejaa. Na watu wa mtaa ule wanapita na kahawa zao, wanalisalimia.

Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, hawa watu watakuja kulia, na mimi nimewaona wakiibiwa nikanyamaza. Nyinyi mnajua tunavyofanya. Hatupigi kelele, haturushi mawe. Nikaenda mbele ya lile lori, nikakaa kitako barabarani, nikanyoosha miguu, nikatoa kiondo changu nikaanza kusuka. Hiyo ndiyo sehemu inayowavunja moyo madereva. Mtu anayepiga kelele atachoka, lakini mtu aliyekuja na kazi yake ya mkono ana siku nzima.

Dereva akapiga honi. Nikasuka. Akachungulia dirishani akasema maneno ambayo sikuyaelewa, kisha akayasema kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba anaomba kupita. Nikamwambia aumwage mchanga wa watu kwanza. Watu wakaanza kusimama. Mmoja aliuliza kama nimepotea. Mwingine alinipa kahawa yake, nikaikataa, maana nilikuwa kazini. Na hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Kwetu huwa tuko wengi, bega kwa bega, tunaimba. Pale nilikuwa mimi na miguu yangu, lori linanguruma mbele ya nyayo zangu, ugenini, nami nikakosea mshono.

Nikasikia mtu anakuja mbio juu ya mchanga, miguu mitupu. Nikamtambua kwa kivuli, kile kirefu, na ubao. Kifua wazi tena. Nikageuka upande. Akauweka ubao chini, akakaa barabarani, nyuma yangu, hatua moja hivi. Hakuuliza kitu. Alikaa tu, akanyoosha miguu kama yangu.

Ashwin alikuwa katikati ya somo. Wanafunzi wake, wazee sita hivi waliovaa mpira mweusi, walikuwa wamemfuata, na kwa kuwa alikuwa amewaambia asubuhi ile wafanye kila anachofanya yeye, nao wakakaa. Mama mmoja wao akauliza hapa tunajifunza nini, nikamsikia Ashwin akimjibu kwamba bado hajaambiwa.

Baada ya muda akasema, kwa sauti ya chini, "Anti, tunamzuia nani?"

"Wezi wa mchanga," nikamwambia, nikitazama mbele.

"Sawa," akasema.

Dereva akashuka. Alikuwa mzee kama mimi, kofia mkononi, na alichuchumaa mbele yangu akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mama yake. Upepo ukivuma, bahari inaletwa barabarani. Mchanga unafunika maegesho, unaingia milangoni. Wao ni wafanyakazi wa jiji, wanauzoa kutoka barabarani na kuurudisha ufukweni, pale mbele kidogo, ambapo umepungua. Kila upepo ukivuma, kazi ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo mimi, mwenyekiti wa mchanga, nilikuwa nimewakalia njia watu wanaorudisha mchanga.

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Kwa bahati ulikuwa umeshageukia upande. Nikamuuliza Ashwin, bila kumtazama, kama alikuwa anajua haya.

"Nilijua," akasema. "Huyu dereva ni rafiki wa baba yangu."

"Mbona basi ulikaa?"

"Ulikuwa umekaa peke yako, Anti. Najua umenikataa. Lakini sikuona ni vizuri ukae peke yako."

Neno hilo la kukataliwa lilinishtua, sikuelewa linatoka wapi, na kabla sijamuuliza, Mwikali akafika mbio. Mtu alikuwa amekwenda kumwita dukani, na alikuja na koti lake jeupe la kazi linapepea. Akalitazama lori, akamtazama dereva aliyechuchumaa, wazee wa mpira mweusi waliokaa safu, Ashwin, na mimi niliyempa Ashwin mgongo.

"Mwaitu," akasema polepole. "Huyu mtu amekaa chini mbele ya lori kwa sababu yako. Na bado humwangalii."

Nilikuwa na aibu, na aibu yangu hutoka kama hasira, mnanijua.

"Nimwangalie namna gani?" nikamjibu. "Ulishaona wapi mama akimkodolea macho mkwe wake kifua wazi?"

Mwikali akasimama vile vile alivyokuwa. Mdomo wake ulikuwa umefunguka.

"Mkwe wa nani?" akauliza.

Nikatafuta namna ya kulirudisha lile neno. Kusema kweli sikutafuta sana. Mwili wangu ulikuwa umelisema siku ya kwanza, pale mbele ya kibanda, na akili ndiyo iliyokuwa imechelewa njiani.

Alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akafanya vyote viwili, akaketi pale pale barabarani pamoja nasi. Akavua koti lake jeupe akamfunika Ashwin mabegani, akamweleza kwa Kiingereza nthoni ni nini, na kwamba mama wa Kikamba hampi mgongo namna ile mtu asiye wake.  Nilimsikia Ashwin akivuta kamasi. Wazee wa mpira mweusi wakapiga makofi, sidhani walijua kwa nini, na dereva akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kupita. Tukampisha.

Kisha Ashwin akauliza kama sasa, akiwa amevaa koti, naweza kugeuka nimpe mkono. Nikamwambia hapana, sasa ndiyo siwezi kabisa. Akacheka, na nilikipenda kicheko chake.

Jioni ile niliwapigia simu baba zake wadogo Mwikali, nikawaambia waandae zizi, mbuzi wanakuja. Wakafurahi, wakaanza maswali. Kijana ni mrefu? Ana sura gani? Anaangalia watu machoni? Nikawaambia hayo sijui, na kwa nthoni yangu huenda nisiyajue kamwe. Ninachojua ni kwamba nikikaa chini, naye anakaa.